Kitunda Kilichobaki Msumarini

Walimwita Fundi Vipande, maana seremala huyu hakuwahi kutupa kitu. Msumari uliopinda aliunyoosha. Kipande cha mbao kisichofaa hata kuchokonolea meno alikisukuma chini ya kitanda, mkewe akagomba mpaka akachoka. Sataranji aliicheza vivyo hivyo. Kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, kwake kilikuwa mali. "Haba na haba hujaza kibaba," alimwambia bintiye tangu miguu ya mtoto haijafika sakafuni. "Usiachie hata kimoja."

Siku ya fainali ya ubingwa wa taifa, binti alikuwa chumba cha ndani na bingwa mtetezi. Wazazi waliruhusiwa kuketi mle, lakini waandaaji walimwomba Fundi kwa heshima zote asimamie ubao mkubwa ukumbini, aliouchonga mwenyewe. Alijivuna wiki nzima. Kazi yake ilikuwa kutundika kete misumarini kila mwamuzi alipotoka kutangaza, tena mdomo wake ufungwe.

Kitunda cha kwanza cha binti, aliyecheza kete nyeupe, kikaliwa. Fundi akakitoa msumarini. Cha pili kikaliwa bure, peupe kabisa. Damu ikamchemka. Miaka yote ile alikuwa anampigia mbuzi gitaa! Mtoto anagawa ubingwa kama njugu, na yeye baba yake kasimama kama mlingoti.

"Malkia mweusi anakula kitunda cha katikati," mwamuzi akatangaza.

"Hebu soma tena."

"Fundi, umesikia."

Alisikia. Mkono ndio uliokataa. Akamtundika malkia juu ya kitunda, msumari uleule, kitunda kikabaki nyuma yake. Alijua ni upuuzi, lakini kukiondoa kwa mkono wake mwenyewe hakuweza.

Malkia akafukuzwa, akakimbilia pembeni, na ngome nyeupe ikaja kusimama kwenye mstari ule. Muda si muda mwamuzi akatoka mbio. "Ngome nyeupe, moja kwa moja hadi kwa mfalme! Mfalme hana pa kwenda!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Ngome imeruka kitunda! Fundi, hiyo ni ngome au panzi?"

Fundi akautazama ubao. Kitunda kilikuwa bado kinaning'inia katikati ya njia, na maadamu kilikuwa pale, binti yake hakuwa ameshinda. Akakitoa. Njia ikawa wazi. Akaona pia vile viwili vya mwanzo vililiwa kwa nini: vilimvuta malkia mbali na mfalme wake.

Watu wakamzonga. "Hongera, mzee! Kumbe umemfundisha kushambulia!" Kila hongera ilimchoma.

Binti akatoka, akaona ngumi ya baba yake imefumbwa. "Baba, umeshika nini?"

Akafumbua kiganja, kitunda kikaonekana. "Ningekuzuia," alisema kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekezee nani. "Ningekuwa mle ndani, wallahi ningekuzuia, hata kwa macho."

"Najua, baba," binti akasema taratibu. "Ndiyo maana niliwaomba wakupe ubao."