Buti za Theluji Alizonichagulia Baba

Juni hii nilikuwa napita sokoni Majengo, nimejikunyata ndani ya sweta, nikamkuta kijana anakata kamba za belo la viatu vya mtumba. Belo lilipofunguka ile harufu ikanijia: dawa ya wadudu, mpira uliokaa gizani muda mrefu, na ngozi iliyowahi kulowa ikakauka. Wenzangu huipenda. Wakiinusa wanajua mzigo ni mpya, wanakimbilia kuchagua. Mimi ilinipandisha hasira palepale, nikasimama kando ya barabara nimekunja ngumi kama mtu aliyetukanwa. Mwanamke mzima, mwenye watoto, nimeikasirikia jozi ya buti ambayo iligeuka majivu zamani sana.

Asiyewahi kulala Sumbawanga miezi ya kipupwe haamini nikimwambia baridi ya kwetu inauma. Upepo unashuka kutoka milimani, unapita juu ya mashamba ya ulezi yaliyokwisha kuvunwa, unaingia mtaani kwetu Katandala bila kubisha hodi. Alfajiri majani yanakuwa na umande wa barafu barafu, na sisi watoto tulikuwa tunakwenda shule tukiukanyaga kwa ndala au kwa miguu mitupu. Visigino vyangu vilipasuka mpaka vikatoa damu. Mama alinipaka mafuta ya ng'ombe aliyonunua kwa Wasukuma, nikawa nanuka darasani, lakini havikupona. Nilikuwa darasa la tano. Ndipo siku moja, wakati tunakula, Mama akamwambia Baba, "Baba Leokadia, huyu mtoto anahitaji viatu vya kufunika mguu. Si sendozi. Viatu."

Baba alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za Katandala zimepita mikononi mwake, na alikuwa mtu wa kupima kila kitu, mwenye kamba na pima maji, asiyekubali tofali likae upande. Kwa hiyo Jumamosi ile tuliposhuka naye sokoni moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa. Nilijua mtu wa vipimo hawezi kukosea kitu kidogo kama mguu.

Aliyekuwa anauza aliitwa Mama Tatu, mwanamke mnene, mcheshi, aliyefunga kitenge juu ya koti la kiume. Siku hiyo belo lake lilikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kukiona: buti nene, ndefu mpaka katikati ya muundi, ndani zina manyoya. "Hizi ni za theluji," alitutangazia. "Huko zinakotoka watu wanatembea juu ya barafu nazo. Baridi ya hapa kwao ni kiangazi." Watu wakacheka. Mimi nilikwisha kuingiza mkono ndani ya buti moja, nikawa nayapapasa yale manyoya.

Mama Tatu akanipa soksi nzito nivae kwanza, akapiga magoti akanivalisha jozi ya rangi ya kahawia, yenye kiraka ubavuni. Akabonyeza mbele kwa kidole gumba. "Vidole vinacheza?" Nikasema vinacheza. "Tembea mpaka pale kwenye viazi, urudi. Kisigino kinapanda?" Nikatembea. Kisigino kilitulia. Joto lilianza kwenye nyayo likapanda taratibu, na ninyi mnaosoma mtaniona mjinga nikisema nilitaka kulia kwa raha. Sikujua kama mguu unaweza kuwa mahali pazuri namna ile.

Baba akainama, akashika buti kwa nyuma, akaitikisa. "Zinapwaya," akasema. "Mguu haujashikwa."

"Kaka, ni za baridi hizi," Mama Tatu akamwambia. "Lazima pabaki nafasi kidogo ndani. Ukibana, mguu unaganda."

Baba alikwisha kuokota jozi nyingine, ya bluu, haina hata mkwaruzo, zipu inang'aa. Akaniambia nivue soksi. Akasukuma mguu wangu ndani kama anayepachika fremu ya mlango. Vidole vilijikunja vyote.

"Baba, zinabana."

"Zitatanuka."

"Baba, zinaniumiza!"

"Nyamaza, Leokadia. Kiatu ndivyo kilivyo."

Mama Tatu alinitazama, akamtazama yeye, akaguna. Tukarudi nyumbani na zile za bluu. Njia nzima watu walinisifia.

Wiki zile sitazisahau. Nilikuwa natoka nyumbani nimezivaa, kwa sababu Baba alisimama mlangoni kuhakikisha, na nikifika kwenye miti ya mikaratusi nazivua, nazitia kwenye mfuko wa shule, nakwenda peku. Siku moja akanikuta. Alikuwa juu ya baiskeli anakwenda saiti, akashuka, akanivalisha yeye mwenyewe pale barabarani mbele ya wenzangu, na malengelenge yakapasukia ndani ya manyoya. Wenzangu hawakucheka. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba watoto wenzangu waliona naumia na baba yangu hakuona.

Ukucha wa kidole gumba cha kulia ukawa mweusi. Siku ulipong'oka, Mama alikuwa shambani anakusanya mahindi. Nilichukua panga, nikaziweka zile buti juu ya gogo la kupasulia kuni, nikazikata pua. Zote mbili. Mpira ni mgumu, nilipiga na kupiga, huku napiga kelele bila maneno, mpaka jirani akachungulia ukutani akarudisha kichwa. Sijawahi kujutia, na sitaanza leo.

Baba aliporudi akavikuta vile vipande uani. Nilisimama nikisubiri fimbo. Akaokota kimoja, akachungulia ndani, akaniuliza polepole, kama mtu aliyechanganyikiwa kweli, "Umeharibu buti nzima kwa ajili ya vidole?"

"Ndiyo," nikamjibu.

"Basi kama huzitaki, hazipo." Akazisukumia motoni, chini ya sufuria ya maharage. Nyumba nzima ikanuka mpira, na maharage yale hakuna aliyeyamaliza. Kesho yake Mama alinipeleka kwa Mama Tatu kimyakimya, lakini zile za kahawia zilikwisha kuondoka na mtoto mwingine. Kipupwe chote kilichobaki nilikwenda shule na ndala. Ukucha uliota tena, umepinda, na uko hivyo mpaka leo.

Nilikua na hasira hiyo. Nilimheshimu Baba, nilimpa shikamoo yake, nilimtumia sukari na dawa. Lakini kila nilipokata kucha nilimkasirikia upya.

Mwaka juzi mguu wake ulivimba, nikampeleka hospitali. Nesi akamwomba avue viatu na soksi. Baba akaniambia, "Toka kwanza, mwanangu." Nikakataa. Akavua ameangalia ukuta. Vidole vyake vilikuwa vimepandana, kile kidogo kimelala chini ya mwenzake, kucha hazipo, mifupa imetoka pembeni. Sikuwahi kuiona miguu ya baba yangu. Siku zote alikuwa akioga mwisho, gizani, na viatu hakuvivua mbele yetu.

"Ni nini hiki, Baba?"

"Ni viatu," akasema, kana kwamba naulizia kitu kilicho wazi. Kisha, nesi alipotoka, akaniambia kwamba kwao viatu vilikuja jozi moja kwa watoto wote wa kiume. Ukisema vinabana, anapewa ndugu yako. "Kwa hiyo husemi. Baadaye nikaona labda ndivyo vinavyotakiwa kuwa."

"Na mimi? Mimi nilisema."

Akavifunika vidole vyake kwa soksi. "Nilikusikia. Nilidhani unadeka."

Alipopata nafuu nilimpeleka Majengo kununua buti. Nikamvalisha soksi nzito, nikapiga magoti, nikabonyeza mbele, nikamwambia atembee. Alitembea kama anayevuka mto. Akarudi, akakaa, akaangalia miguu yake.

"Sisikii kitu," akasema.

"Vizuri."

Akainama karibu yangu, akapunguza sauti ili muuzaji asisikie. "Una hakika hizi si za mtu mwingine?"

Utotoni niliamini kwamba baba yangu aliyaona maumivu yangu akayadharau. Sikujua kwamba yule mtu wa vipimo, kwa kitu hiki kimoja, hakuwahi kupewa kipimo. Nilivuta zipu mpaka juu kwa hasira, na safari hii haikuwa hasira juu yake. Nikamwambia ni zake. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, mpaka muuzaji akageuka kutuangalia.