Fundo la Luciana

Ukishuka kutoka kijiji cha Mgori utafika kwenye mbuga ya udongo mweusi, na kwa miaka mingi aliyeijua vizuri kuliko wote alikuwa Luciana, mkata nyasi za kuezekea. Nyasi zikikomaa alizunguka kipande chake, akashika konzi moja hapa na nyingine pale, akazifunga fundo kwenye vichwa. Mtu aliyezaliwa huko akiona fundo anajua pana mwenyewe, anapita mbali.

Ng'ombe, bahati mbaya, hawajui mafundo. Mwaka mmoja ng'ombe wa Alute, mfugaji, baba yake Lea, walikula kipande chote, na tangu hapo Luciana na Alute walisalimiana kwa midomo tu. Kwa Luciana mbuga ilikuwa mapaa ya watu. Kwa Alute ilikuwa malisho, basi. Afisa misitu aliyekuja na pikipiki yake alisikitika kwamba miti imekwisha, na hakuna aliyekumbuka kuona miti pale. Mselemu, mnunuzi wa alizeti kutoka mjini, aliiita mbuga hiyo shamba lililolala.

Kisha bati likaingia kila nyumba. Peniel, mwanawe Luciana, alimwezekea mama yake bati jekundu, akamwita nje alione. Luciana alishukuru, maana mtoto alijitahidi. Lakini mwaka huo alikata nyasi kama kawaida, akafunga miganda, akaipanga uani, na mchwa wakaimaliza.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kijiji wa kuigawa mbuga. Mselemu alisema yake, afisa misitu yake, wafugaji wakapiga kelele. Luciana akanyoosha mkono.

"Mama Peniel," mwenyekiti Elisha alimwambia, "nani anaezeka nyasi siku hizi? Wewe mwenyewe unalala chini ya bati. Mbuga unaitaka ya nini?"

Luciana alikuwa amejiandaa kusema habari za mapaa. Akaona aibu kuyasema.

"Nataka iwepo," akasema.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Alute hakucheka, ila Luciana hakumhesabia wema; alidhani amenuna kwa ajili ya malisho yake. Alizeti ilipewa sehemu kubwa, miti ikapewa ukanda, wafugaji wakasukumwa mlimani kwenye mawe. Luciana alipewa kona karibu na korongo, mahali ambapo trekta haliwezi kugeuka. Walimpa kama mtu anavyomnyamazisha mtoto. Akaenda akaifunga mafundo pande zote.

Kiangazi kilikuwa kikali. Kule mlimani majani yaliisha mapema, na ng'ombe wakaanza kushushwa kutafuta chochote. Luciana aliposikia hivyo aliikatia tamaa kona yake, akakaa nyumbani siku kadhaa na hasira zake. Hatimaye alishuka, maneno ya ugomvi yakiwa tayari mdomoni.

Nyasi zilikuwa zimesimama. Nje ya mafundo ardhi ilikuwa imelambwa, samadi na alama za kwato kila mahali, na alama zote ziliishia pale pale penye mstari. Alute alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe wake, fimbo imelala mabegani. Mbavu za wanyama zilihesabika.

"Baba Lea," Luciana alisema. "Mbona hawajala?"

"Si umefunga?"

Yale maneno ya ugomvi hayakuwa na pa kwenda. Aliona haya, akafurahi, vyote kwa pamoja, na akapata hasira kidogo kwamba amefurahi. Zile nyasi hazingekuwa paa la mtu yeyote, na wale ng'ombe wasingefika msimu wa mvua wakiwa hai. Aliinama akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili.

"Waingie," akasema.

Ng'ombe hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Luciana akasogea upande wa korongo kuendelea kufungua, lakini Alute alimwahi, akamzuia kwa fimbo, taratibu.

"Huku uache, mama Peniel. Si ulisema unataka iwepo?"

Akashika konzi moja ambayo fundo lake lilikuwa limelegea, akalikaza mwenyewe.