Jina Moja, Mifereji Miwili

Juma lililopita nilipiga foleni katika ofisi ya maji hapa Malindi, ile iliyoletewa kompyuta. Mbele yangu alikuwako bibi wa buibui aliyekatiwa mfereji nyumbani kwake.

Karani akakigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Shikamoo, bi. Jina lako na la baba yako yamo mara mbili. Kompyuta imefuta moja."

"Marahaba. Huyo mwengine ni mjukuu wangu, nyumba ya pili. Mwanangu nilimpa jina la babangu, naye akampa bintiye langu."

"Mashine haikosei, bi."

Bibi akaegemeza viwiko dirishani. "Wewe umepewa jina la nani?"

"La babu yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Basi kamfute yeye kwanza, kisha urudi unifute mimi."

Foleni nzima ikaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele. Karani naye akacheka, akamwita fundi. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yakibubujika kwa bibi.

Jana nilirudi pale. Nilipotaja jina langu, karani hakukitazama kioo. Alinitazama mimi, akauliza, "Umepewa la nani?"