Karibu, Mami

Dada wa mapokezi katika ile maternity ya kibinafsi ana kucha za rangi ya waridi na sauti ya kubembeleza mtoto. Kila mwenye mimba anamwita mami. "Karibu mami, jisikie uko nyumbani," halafu anakusukumia karatasi ya bei kwa ncha ya ukucha mmoja, kama kitu kinachonuka. Ukiuliza kama inapungua, anashika tumbo lake mwenyewe, maana naye ni mjamzito, anacheka polepole. "Mami, hapa si soko la viazi Dundori. Ukitaka rahisi nenda ya serikali, mkalazwe wawili kitanda kimoja kama viatu kwa boksi."

Basi nikaenda kuwa kiatu. Uchungu uliponishika, nesi wa serikali alinipeleka kwa kitanda chenye mtu tayari, amejifunika shuka mpaka kichwani. "Wewe, msongee mwenzako!" Shuka likashushwa na ukucha wa waridi. Tukaangaliana. Alikunja miguu, akajibana ukutani, akapangusa jasho, na kwa sauti ileile akaniambia, "Karibu mami, jisikie uko nyumbani."