Mfupa wa Moyoni

Mgongo ulimkamata mama akichuma pamba shambani kwetu Zagayu. Tulidhani ni uchovu. Alipofika hatua ya kushindwa hata kugeuka kitandani, mimi na baba tulimpeleka hospitali Bariadi.

Daktari, kijana aliyehamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, alituonyesha picha. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imebonyea. Mbele yake ulipita mstari mweupe.

"Huu ni mshipa mkubwa wa damu," alisema. "Chokaa imepungua kwenye mifupa, huku nyingine imejijenga kwenye mshipa. Mara nyingi mambo haya mawili huenda pamoja. Mfupa unakuwa dhaifu, mshipa unakuwa mgumu, moyo unasukuma damu kwa taabu. Asibebe mizigo, na dawa za presha asikose."

"Kwa hiyo ndani yake mmeota mfupa?" baba aliuliza.

"Tuseme kitu kama mfupa, mzee."

Baba akatabasamu. Tulipotoka nje akamgeukia mama. "Ng'ombe mkubwa ana kimfupa moyoni. Nimevitoa vingi kwa mikono yangu. Ndicho kinachomwezesha kuvuta plau. Wewe mayu, mama watoto, ni maksai."

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa khanga. Miaka yote ile nilimsikia baba akisifia ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi na pembe. Mama hakuwahi kusifiwa naye mbele yetu.

"Baba, ng'ombe ameumbwa na ule wake," nilisema. "Huu wa mama ni ugonjwa."

"Wewe ni mwalimu, umesoma. Umewahi kupasua moyo?"

Sikuwahi. Mama akanivuta mkono. "Mwache baba yako," alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya msichana.

Habari ilienea kijijini. Wanawake wakawa wanamwamkia, "Mwangaluka, maksai!" naye anaitika kwa madaha. Mgongo ulipopata nafuu akarudia ndoo kichwani. Dawa zilikaa kwenye kopo la majani ya chai, akizimeza siku akizikumbuka. Nilikuwa nikimpigia simu kutoka Maswa ninakofundisha.

"Mama, dawa unameza?"

"Mwenye mfupa moyoni, dawa za nini?"

Anacheka, nami nacheka. Kicheko kile nakichukia mpaka leo. Nilijua ukweli, lakini niliona vibaya kumnyang'anya sifa aliyoisubiri maisha yake yote.

Mvua za kwanza zilipoanza, alianguka akitoka kisimani. Walipomfikia, moyo ulikuwa umeshasimama.

Msibani alichinjwa dume. Baba aliomba aletewe moyo, akaupasua mwenyewe, akatoa kile kimfupa, urefu wa kipande cha kidole. Akajaribu kukikunja kwa vidole gumba viwili. Hakikukunjika. Nikaketi karibu yake.

"Yule daktari," alisema bila kunitazama, "alisema ule wa mama yako ni mbaya?"

"Alisema, baba."

Alikifuta damu kwenye shati lake.

"Basi ningemsifia kitu kingine," alisema. "Vilikuwepo vingi."