Nguo ya Kayaba Haivutwi

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Nairobi imeingia mpaka mifupani, nami nimesimama pale nje kando ya ua huu huu wa kayaba unaouona dirishani, navuta shuka huku nalia. Kunywa chai yako. Sijakuuliza kwa nini ulikuja jana na begi, na sasa pia sikuulizi. Nakusimulia tu.

Mjomba wako Wafula alikuwa amenioa mwanzoni mwa mwaka ule, akanileta hapa Ziwani kwenye chumba kimoja. Kwetu Bungoma nyasi zilitosha kuanika nguo. Hapa kamba zilikuwa za waliowahi, sisi wageni tukaanika juu ya ua. Na kayaba ina tabia zake! Wakati wa kiangazi hupungua majani, ikabaki vumbi na vijiti, na jirani yangu wa upande wa pili, Mama Njeri, tukawa tunaonana uso kwa uso. Mvua ndefu ikija inachipuka kwa fujo, inanenepa, nikawa namsikia tu akiimba nyimbo za kanisani bila kumwona. Baridi ikiingia matunda yanaiva manjano, watoto wa mtaa wanayala wamekunja nyuso kwa uchachu. Hapo ndipo ua unapendeza kuliko wakati wowote, na hapo ndipo unapodanganya, maana miiba yote imefichwa na majani. Hilo hakuna aliyenionya.

Basi jioni moja nilisikia hodi. Kufungua, nikamkuta msichana amekumbatia begi.

"Wifi, kwani kaka hakukuambia? Nimekuja kukaa, nisomee kushona."

Ala! Kukaa? Katika chumba kimoja? Nilimkaribisha kwa mdomo, moyoni ninachemka. Wafula aliporudi nilimpa mgongo, na asubuhi alipoondoka kwenda kiwandani nikakata shauri: narudi kwa mama. Nikatoka nje kuchukua shuka langu, lile ambalo mama alilidarizi maua kwa mkono wake kwa ajili ya siku ya kunisindikiza. Nikalivuta. Kayaba ikalishika. Nikavuta kwa hasira zangu zote, na kwa masikio yangu nikasikia likipasuka.

"Ngai! Wacha kuvuta, wewe!"

Mama Njeri huyo, ameuzunguka ua mbiombio, kanga moja begani. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, na mdomo wake mtaa mzima uliujua. Akanipiga kofi mkononi, akalishika shuka kwa vidole viwili na kulisukuma nyuma, ndani kabisa kwenye miiba. Nikadhani amechanganyikiwa. Kisha akaliinua taratibu, likatoka bila kuchanika tena.

"Mwiba hutokea ulipoingilia," akaniambia. "Nguo ya kayaba haivutwi. Na hiyo hasira yako, iliingilia wapi?"

Nikamwambia ni yule msichana. Akacheka.

"Mtoto wa watu amekukosea nini? Rudi nyuma kidogo."

Nikarudi nyuma, mwanangu, nimesimama pale kamasi zinanitoka. Nikaona kwamba kilichonichoma hakikuwa yule binti kulala sakafuni kwangu. Mume wangu hakuniambia. Basi.

Jioni nikamwambia Wafula, "Dada yako sijamkataa. Nimekataa kuambiwa na mlango."

Akainamisha kichwa. Akasema aliogopa ningekataa. Mwanaume mzima na ndevu zake, ananiogopa mimi! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akaomba msamaha, na yule binti akakaa.

Huyo binti ndiye Nekesa, mama yako mzazi. Ningeendelea kuvuta siku ile, ningemfukuza mtu ninayempenda kuliko dada zangu wa tumbo moja, na wewe leo usingekuwa na mahali hapa pa kuleta begi lako.

Sasa nisikilize. Kama mumeo alikuinulia mkono, sema hivi sasa. Mlango huu ni wako, na huko harudi mtu. Lakini kama ni maneno, usivute. Rudi nyuma mpaka pale palipoanza kukuchoma, ulijue jambo lenyewe kwa jina lake, kisha umwambie yeye. Usiwaambie marafiki wa simu, usiniambie hata mimi. Hasira hasara, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nakupenda, ndiyo maana nakuambia.

Mungu akupe ulimi mpole na mkono wenye subira, na nyumba yako ya Mowlem isikose kicheko. Leo lala hapa ukitaka. Shuka lile liko kitandani. Papasa upindo wake, pale lilipopasuka, utakuta mshono uliopindapinda kidogo. Ndio wa kwanza mama yako aliowahi kushona.