Kupeleka Kuni Porini

Baba alikuwa anakataa chakula kwa adabu. Alikuwa ametoka hospitalini karibuni, tumboni ana mshono mrefu kama zipu, na kila kilicholetwa mbele yake alikitazama, akamshukuru mama, kisha akageukia ukuta. Uji, hapana. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ambao zamani aliushambulia kama adui, hapana. Daktari alikuwa amesema mambo mengi, lakini tulilolielewa vizuri ni moja: asipokula, atakwisha. Na alikuwa anakwisha. Saa yake ya mkononi ilikuwa inateleza hadi kwenye kiwiko.

Jioni moja akauambia ukuta kwamba labda angeonja supu ya digidigi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya upili mjini Machakos, na kila Ijumaa nilisafiri hadi nyumbani kwetu, upande wa Katangi, ili mama apate kulala huku mimi nikimwangalia mgonjwa. Nilikuwa nimechoka hata nikawa nasinzia nimesimama, chaki mkononi. Wanafunzi wangu, watoto wenye heshima, walininyamazia. Nilikuwa pia na shahada ya fasihi. Hakuna aliyeniuliza kama ningeweza kuwinda. Nilikuwa mwanamume, niko nyumbani, na upinde wa baba ulikuwa unaning'inia juu ya mlango kama zamani.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa akiwinda na baba enzi zao. Sasa alikuwa mzee wa kanisa, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Tuliafikiana kwamba yeye angeongoza mbwa, mimi ningerusha mshale. Kwa maneno mengine, asiyeona angeongozana na asiyejua.

Jumamosi alfajiri nilisikia fimbo yake ikigonga dirisha.

"Mwiwa! Umelala au umekufa?"

Mwiwa ndivyo mjomba kwetu anavyomwita mtoto wa dada yake. Nilimwambia sikuwa na uhakika.

Kuwinda kulikuwa kumepigwa marufuku tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo upinde ulitoka nyumbani ndani ya gunia, umefunikwa na vipande vya kuni ambavyo mjomba alivichomoa jikoni kwa mama. Tukikutana na mtu, tungesema tumeenda kutafuta kuni. Tulikuwa tumetembea mwendo mrefu nilipofikiri kwamba watu huondoka na gunia tupu na kurudi nalo limejaa, si kinyume chake. Nilikuwa nimechoka mno kulisema.

Mjomba alinipeleka mpaka kwenye kirundo cha mavi madogo meusi chini ya mgunga. Digidigi, aliniambia, ana choo chake kimoja, na hapendi kwenda mbali nacho.

"Mbwa wakimtoa kule, atazunguka, atarudi hapa. Wewe kaa kama kisiki."

"Na nikisinzia?"

"Hata kisiki husinzia. Lakini hakikoromi."

Akaenda na mbwa wake wawili. Nilikaa. Umande ulinipenya suruali, jua likaanza kupanda, na macho yangu yakawa yanafungwa yenyewe. Nilijifinya. Baba hakuwa ameniomba chochote tangu nianze kazi, na sasa alikuwa ameomba bakuli moja la supu.

Mbwa wakabweka. Matawi yakavunjika. Kitu cha rangi ya kahawia kikatokeza mguu mmoja mwembamba, kikasimama. Nilivuta upinde mpaka bega likalia, nikaachilia. Mshale ukachoma shina la mgunga mwingine, mbali kabisa.

Mbuzi akatoka kichakani, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Nyuma yake akatoka mwenye mbuzi, jirani yetu, kiongozi wa akina mama katika kanisa lile lile la mjomba. Alikuwa na panga.

"Mwalimu! Ni mbuzi yangu unarushia mishale?"

"Nilidhani ni digidigi."

"Digidigi iko na kamba kwa shingo? Huko chuo kikuu mlionyeshwa digidigi gani?"

Mjomba alifika akihema. "Mama, sisi tulikuwa tunatafuta kuni."

Yule mama akachungulia ndani ya gunia. "Hizi kuni ziko na masizi, mzee. Zimeshapika." Kisha akanigeukia. "Nitakusema kwa baba yako."

Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na ndevu. Nilitembea nyuma ya mbuzi hadi nyumbani.

Baba alikuwa ametazama ukuta. Jirani akamsalimu, akavuta kigoda, akanisema. Alipofika kwenye mshale, baba akaanza kugeuka, polepole, kama mtu anayegeuza gari mahali pembamba.

"Ilikuwa mbali kiasi gani?"

"Kama hapa na huo mlango."

"Na akakosa."

"Mzee, mbuzi hata haikukimbia! Ilisimama ikamwangalia. Ilimwonea huruma."

Baba akashika mshono kwa mikono miwili. "Ngojeni," alisema, "ngojeni, mtanifungua." Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kabla ya hospitali. Mama, aliyekuwa amesimama pale na kikombe cha uji kama kila asubuhi, akamwekea mkononi. Baba akanywa.

"Na mzee wa kanisa alisema nini?"

Akaelezwa habari za kuni na masizi. Akanywa tena. Mama alipopokea kikombe alikitazama ndani, akatoka nje, akakawia huko.

Jioni wakaja majirani wengine, hadithi ikasimuliwa upya, na sasa mbuzi alikuwa amepiga chafya. Baba alikula muthokoi, vijiko vichache. Mimi nililala kwenye kiti.

Giza lilikuwa halijaisha nilipohisi mkono wa mama begani.

"Amka. Mjomba wako amefika."

"Mama, leo ni Jumapili."

"Mtarudi kabla ya ibada. Baba yako anataka uende."

"Lakini sitapata kitu."

"Anajua," alisema, akanisogezea viatu.

Huko nje mjomba alikuwa anapakia kuni kwenye gunia.